Mama ana saratani ya kinywa iliyoendelea, nasi hatukubaliani juu ya tiba

SWALI

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto watatu, na ninaishi Tanga pamoja na mama yetu mzazi, mjane mwenye umri wa miaka 64. Mama amekuwa akila tambuu tangu alipoolewa: jani, popoo, katu, chokaa na kipande cha tumbaku, ambavyo huvibana shavuni upande wa kushoto na kuviacha hapo hata anapojilaza mchana. Ana darasa lake la wasichana anaowasomesha Kurani barazani baada ya sala ya alasiri, na mtaa mzima unamjua kwa sauti yake.

Mwaka jana kilimtoka kidonda kwenye ufizi wa chini, upande huohuo wa kushoto. Zahanati tuliyokwenda ilimpa dawa ya kusukutua na vidonge, tukarudi, akapewa vidonge vingine, na miezi ikapita hivyo. Baadaye meno mawili yakaanza kucheza, kisha tezi ikajitokeza chini ya taya. Tulipofika hospitali kubwa ndipo alipokatwa kinyama cha kupimwa, akapigwa picha ya CT, nasi tukaambiwa kwamba ni saratani ya kinywa iliyofika hatua ya nne. Daktari alisema “4A”, lakini mimi niliisikia ile nne tu.

Jopo la madaktari limependekeza mama afanyiwe upasuaji wa kuondoa sehemu ya taya pamoja na tezi za shingoni, halafu apigwe mionzi kwa muda wa wiki sita katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na huenda akapewa dawa za kemo, yaani za kuua chembe za saratani, sambamba na mionzi hiyo. Hapo ndipo tulipogawanyika. Kaka yangu anayefanya kazi Muscat hataki kusikia habari ya kisu. Anasema dunia imeshahamia kwenye dawa za kuamsha kinga ya mwili, na yuko tayari kuuza kiwanja chake ili ampeleke mama India. Mjomba anasema kisu huiamsha saratani, akitoa mfano wa jirani yetu aliyepasuliwa na kufariki ndani ya mwaka huohuo, na anataka mama atumie kwanza mitishamba kwa miezi mitatu, kwa kuwa haraka haraka haina baraka. Mdogo wangu wa kike anasema apewe kila kitu kwa mpigo mmoja. Mimi ndiye ninayemlisha mama uji kwa kijiko cha chai, kwa sababu mdomo wake haufunguki tena vizuri, na ninapomtazama, mtu mwenye kilo 47, sioni mwili wa kubeba tiba tatu.

Mama hajaambiwa neno saratani. Tumemwambia ana uvimbe wa taya. Kila tukimuuliza anajibu, “Nitafuata mtakaloamua, wanangu.” Juzi tu aliniuliza jambo moja: kama akikatwa, ataweza kuzitamka herufi zake sawasawa? Nikakosa la kumjibu. Na bado anamtuma mjukuu kumnunulia tambuu kwa siri.

Madaktari wametupa wiki mbili tutoe jibu. Je, tuzikubali tiba zote, tuchague moja, au tumwache mama apumzike?

Binti wa Kwanza, Tanga

JIBU

Marahaba, binti yangu, na pole sana. Umeniuliza kama mama yenu azipokee tiba zote tatu, achague moja, au aachwe. Nilipoisoma barua yako mara ya pili niliona swali jingine limejificha ndani yake, la nani hasa anayestahili kulijibu hilo la kwanza. Nitaanza na tiba, kwa sababu ndiko hofu yako iliko, kisha nitarudi kwa mama. Mimi si daktari wake, na yote nitakayosema ni ya kukusaidia kwenda kwa madaktari wake ukiwa na maswali mikononi.

Ile herufi iliyokupita ina uzito. Katika saratani ya kinywa, hatua ya nne imegawanywa katika 4A, 4B na 4C. Ni 4C ndiyo inayomaanisha kwamba ugonjwa umesafiri hadi viungo vya mbali, kama vile mapafu. Hatua ya 4A mara nyingi humaanisha kwamba uvimbe umeingia katika mfupa wa taya au ngozi ya shavu, au kwamba tezi za shingo zimeguswa kwa kiwango fulani, huku kila kitu kikiwa bado mahali ambapo mpasuaji anaweza kufika. Ni ugonjwa mzito, na wengi hurudiwa nao hata baada ya kutibiwa vizuri. Hata hivyo, jopo linapopendekeza upasuaji mkubwa na mionzi ya wiki sita kwa mgonjwa wa 4A, kwa kawaida linakusudia kuponya. Waulize waziwazi: “Lengo la mpango huu ni kumponya mama, au ni kumpunguzia mateso?” Nadhani mjadala wenu wa nyumbani umeendeshwa kana kwamba jibu la swali hilo limeshajulikana, na kwamba ni baya.

Jambo la pili ninaloomba ulitazame upya ni hiyo hesabu ya tiba tatu. Kwa saratani ya ufizi na taya, upasuaji ndio mhimili, kwa kuwa mfupa uliokwisha kuliwa na ugonjwa hautibiki vizuri kwa mionzi peke yake. Mionzi hufuata ili kushughulikia chembe ambazo macho na mikono ya mpasuaji haziwezi kuziona, na madaktari hupenda ianze ndani ya wiki sita tangu siku ya upasuaji, kwa sababu chembe zilizobaki hazisubiri. Tiba ya tatu, yaani kemo, bado haijaamuliwa, na ndiyo maana daktari alisema “huenda”. Nyama yote itakayotolewa itapelekwa maabara na kuchunguzwa kwa hadubini. Ikionekana kwamba saratani imepasua ganda la tezi na kutoka nje, au kwamba kingo za nyama iliyokatwa bado zina chembe za ugonjwa, hapo ndipo dawa iitwayo sisplatini huongezwa wakati wa mionzi. Utaratibu huo unatokana na tafiti mbili kubwa, moja ya Ulaya na nyingine ya Marekani, zilizochapishwa mwaka 2004, ambazo kwa pamoja zilionyesha kwamba wagonjwa wenye dalili hizo mbili ndio wanaofaidika. Dalili hizo zisipokuwepo, mama anaweza kuishia kwenye tiba mbili. Kwa hiyo leo hamwombwi kukubali au kukataa tatu. Mnaombwa kuamua juu ya hatua ya kwanza, mkijua kwamba kila hatua inayofuata itasubiri majibu ya iliyotangulia.

Hofu yako juu ya mwili wake ni ya haki, na nisingependa mtu yeyote akunyamazishe kwa kuambiwa una imani haba. Sisplatini inaweza kudhuru figo na masikio na huleta kichefuchefu kikali. Ndiyo maana figo hupimwa kwanza na mgonjwa huwekewa dripu za maji kabla na baada ya dawa. Faida ya kuichanganya na mionzi hupungua kadiri umri unavyopanda, na kwa waliovuka miaka 70 karibu haionekani. Mama ana 64, yuko katikati, na hapo ndipo hali ya figo, uzito na nguvu zake za kila siku zinapopaswa kuzungumza kuliko cheti cha kuzaliwa. Muulize daktari kama kuna nafasi ya kutoa dawa hiyo kwa dozi ndogo ya kila wiki badala ya dozi kubwa ya kila wiki tatu; utaratibu huo hutumika na umefanyiwa utafiti kwa wagonjwa waliokwisha kupasuliwa.

Mionzi nayo usiidharau kwa kuwa haina kisu. Mama atatengenezewa kinyago cha plastiki kinachobana uso mzima ili kichwa kisitikisike, naye atalala chini ya mashine kwa dakika chache kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa vipindi kama 30 hadi 33. Wiki mbili za mwanzo mtadhani ni jambo dogo. Baada ya hapo kinywa huanza kuchubuka, mate hukauka, ladha hupotea, na kumeza hata maji kunaweza kuuma. Vidonda hivyo hupona wiki kadhaa baada ya mionzi kwisha, lakini ukavu wa kinywa unaweza kubaki naye. Wagonjwa wengi wanaokatisha mionzi hukatishwa na maumivu, njaa au nauli, na kuikatisha katikati hupunguza nguvu ya tiba yote. Ndiyo maana zile kilo 47 zinanishughulisha zaidi ya idadi ya tiba. Uliza mapema kuhusu mpira wa kulishia, unaopitishwa puani au tumboni. Familia nyingi huuona mpira huo kama dalili ya kukata tamaa, ilhali mara nyingi ndio unaomvusha mgonjwa hadi kipindi cha mwisho.

Sasa nije kwa kaka yako. Hasemi upuuzi. Mwezi Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kinga iitwayo pembrolizumab itumike kabla na baada ya upasuaji kwa saratani za kichwa na shingo zilizoendelea lakini bado zinapasulika, kwa wale ambao uvimbe wao una alama maalumu iitwayo PD-L1. Lakini soma tena sentensi hiyo: kabla na baada ya upasuaji. Dawa hiyo iliongezwa juu ya kisu na mionzi, haikuchukua nafasi yake. Hata India, ambako madaktari wameiona saratani ya kinywa itokanayo na tumbaku na popoo kuliko karibu nchi yoyote, mpasuaji ndiye atakayempokea mama kwanza akiwa na hatua ya 4A. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilichapisha mwaka 2023 utafiti wa kutumia dozi ndogo sana ya dawa nyingine ya kinga, nivolumab, miligramu 20 tu kila wiki tatu, pamoja na vidonge vya gharama nafuu, na wagonjwa waliopewa waliishi muda mrefu zaidi ya wenzao. Ni habari njema kwa nchi maskini kama zetu, ila wagonjwa hao walikuwa wale ambao tiba ya kuponya haikuwezekana tena. Mama yenu bado hajafika huko.

Safari yenyewe ina faida na gharama zake. India inaweza kuwapa mpasuaji mwenye uzoefu mkubwa wa kujenga upya taya kwa kutumia mfupa mwembamba wa mguuni, jambo lenye maana kwa kula na kusema. Lakini viza, nauli na malazi vinaweza kula wiki ambazo ugonjwa hautawaazima, na mionzi ya wiki sita baada ya upasuaji humaanisha ama kukaa ugenini kwa miezi, ama kurudi nyumbani na kuanza kutafuta nafasi upya. Kabla ya kiwanja kuuzwa, mwombe kaka atumie wiki hii kutuma ripoti ya maabara na picha za CT kwa hospitali anayoifikiria, ili asikie wangefanya nini na lini. Wakisema yaleyale mliyoambiwa hapa, mtajua mnalipia nini. Wakisema tofauti, mtakuwa na jambo la kweli la kuwauliza madaktari wenu.

Mjomba anahitaji heshima zaidi kuliko ubishi. Jirani aliyefariki alimwona kwa macho yake, na hakuna takwimu inayofuta jeneza. Muulizeni kwa upole: jirani yule alipasuliwa akiwa hatua gani, na je, alipata mionzi baada ya kisu, au alirudi nyumbani kidonda kilipopona? Wengi tunaosikia kwamba “waliamshiwa” ugonjwa walipasuliwa wakati tayari umeenea, au waliishia kwenye hatua ya kwanza ya mpango kwa kukosa fedha au taarifa. Miezi mitatu ya kusubiri ni mirefu kwa uvimbe ambao umeshatikisa meno. Baraka ya subira aliyoitaja mjomba sidhani kama inahusu saratani ya taya. Kuhusu dawa zake, hatari iliyo wazi ni figo, maana baadhi ya mitishamba huzielemea, na sisplatini itakuja kuzielemea tena. Pengine mjomba atakubali kuleta majina ya mizizi na majani hayo ili daktari ayaone. Kumfukuza kutamfanya ampe mama kikombe usiku bila ninyi kujua. Mdogo wako naye, anayetaka vyote kwa mpigo, nadhani atatulia akielewa kwamba nguvu ya tiba hizi iko katika mpangilio wake.

Umetaja pia kumwacha mama apumzike. Hilo ni chaguo halali, na mtu mzima ana haki ya kulichagua. Ila lazima lielezwe lilivyo. Saratani ya kinywa isiyotibiwa haimwachi mtu alale kwa amani. Kidonda hukua, hutoa harufu, huvuja damu, na huzuia kumeza. Kwa hiyo anayekataa upasuaji bado anahitaji matibabu: morfini ya maji kwa maumivu, mionzi michache ya kupunguza uvimbe, usafi wa kidonda, na watu wanaojua tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso. Ikiwa mama, baada ya kuelezwa kila kitu, atachagua njia hiyo, itabidi nayo ipangwe kwa makini uleule.

Hapo ndipo ninaporudi kwa mama mwenyewe. Mmemwambia ana uvimbe, lakini alikuuliza habari ya kukatwa. Mtu anayeuliza kama ataweza kutamka herufi baada ya kisu ameshasikia mengi kupitia ukuta. Nadhani anawalinda ninyi kama mnavyomlinda yeye, na kwamba “nitafuata mtakaloamua” inaweza kuwa imani kwa watoto wake, au upweke, au vyote viwili. Sina namna ya kujua kutoka hapa nilipo. Unaweza kuanza bila kulitaja jina la ugonjwa: “Mama, madaktari wamesema mengi. Ungependa uyasikie yote, au nikuambie unayohitaji tu?” Akisema hataki kusikia, heshimu, ila mwombe amtaje yeyote anayemwamini amuamulie. Akisema anataka, mwambie ukweli kwa kiasi anachoomba, siku moja kidogo, siku nyingine kidogo. Tena kumbuka kwamba kidole gumba au saini kwenye fomu ya upasuaji itakuwa yake.

Swali lake la herufi lipelekeni kwa mpasuaji kama lilivyo, na ingekuwa vizuri aliulize mwenyewe. Sehemu gani ya taya itaondolewa? Ulimi utaguswa? Midomo itafunga? Ugonjwa wake uko kwenye ufizi, na kama ulimi utabaki mzima, herufi nyingi zinaweza kubaki naye, ingawa zile za midomo na za pembeni mwa ulimi zinaweza kumsumbua mwanzoni. Mpasuaji pekee, akiwa na picha mbele yake, ndiye anayeweza kumjibu. Kwa mwanamke ambaye maisha yake ni kusomesha, huenda jibu hilo likawa na uzito zaidi ya asilimia zote za kupona, na ana haki ya kulipata kabla ya kuamua.

Kuhusu tambuu, msimfokee. Amekula kwa zaidi ya nusu ya umri wake, na popoo ina uraibu wake kama ilivyo tumbaku. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walihitimisha katika chapisho lao la 2004 kwamba popoo husababisha saratani hata isipochanganywa na tumbaku, kwa hiyo kumtolea tumbaku tu na kumwachia jani na popoo hakutatosha. Popoo pia hukaza nyama za mashavu, na huenda ni sababu mojawapo ya mdomo wake kutofunguka. Mtoto asitumwe tena dukani, na mama aelezwe kwamba kuendelea na tumbaku wakati wa mionzi kunaweza kupunguza kazi ya mionzi. Mwombeni daktari msaada wa kupunguza hamu. Kwa mwenye kidonda kama chake, kuacha ghafla bila msaada ni mateso juu ya mateso.

Na wewe, binti yangu, katika barua nzima hukuniambia nani atakayekaa Dar es Salaam na mama kwa wiki hizo sita, wala nani atakayebaki na watoto. Naogopa nyote mmeshachukulia kwamba ni wewe. Kaka anayeweza kuuza kiwanja anaweza kulipa chumba karibu na hospitali, na mdogo wako anaweza kupokezana nawe wiki kwa wiki. Lijadilini hilo katika kikao kilekile cha kujadili tiba, lisiachwe hadi siku ya safari.

Wakati mnaendelea kushauriana, kuna jambo moja ambalo pande zote zinaweza kulikubali hata kabla ya mambo mengine kutatuliwa. Popote mama atakapotibiwa, akipata mionzi, meno yake mabovu yatapaswa kung’olewa mapema ili ufizi upone kabla mionzi haijaanza, kwa sababu kung’oa jino katika taya iliyopigwa mionzi kunaweza kuuozesha mfupa hata miaka baadaye. Muulizeni mpasuaji kama kazi hiyo ataifanya yeye mezani siku ya upasuaji, au mama aonwe na daktari wa meno wiki hii.